Namna ya Kufadhili Kituo cha Ubunifu Bila Kuanza na Utepe

Ndugu mfadhili, mkasi uweke chini kwanza. Utepe utaukata mwaka wa tatu, kituo kikiwa bado wazi na watu wamo ndani. Siku hiyo nitakuja mwenyewe kukupigia vigelegele.

Anza na mita ya umeme. Niliwahi kukaa kwenye kituo kimoja Dar es Salaam chenye kuta za rangi tatu, viti vya kuzunguka na bango refu la majina ya waliokifadhili. Saa tisa mchana mita ya LUKU ikaanza kulia. Meneja, ambaye alikuwa na miezi miwili bila mshahara, akapita meza kwa meza kuomba mchango, tukatoa elfu mbili mbili. Binti aliyekuwa akitengeneza programu ya kuuzia samaki wa soko la Feri alitoa nauli yake, akaendelea na kazi hadi giza likaingia, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Bajeti ya kituo ilikuwa na fungu la fulana. Fungu la umeme halikuwamo.

Basi umeme, intaneti, kodi ya pango na mshahara wa meneja, hayo manne yalipie miaka mitano mfululizo. Nimesema mitano. Ukitoa ruzuku ya mwaka mmoja, ikifika mwezi wa sita meneja anaanza kuandika maombi ya ruzuku nyingine, na kijana aliyekuja kumwuliza namna ya kusajili kampuni BRELA anaambiwa arudi kesho. Kesho hiyo huwa haifiki.

Pili, tafuta watu kabla ya kutafuta jengo. Nitakupa mfano: mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, Julai 2009, tulikuwa tumechoka na intaneti ya setelaiti, ghali na ya kusuasua. Machi 2010 kikafunguliwa kituo cha ubunifu cha iHub jijini Nairobi, ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong. Waliianzisha Erik Hersman na wenzake wa Ushahidi, kwa msaada wa Omidyar Network. Wafadhili wengi waliokwenda kuitazama walirudi wakikumbuka viti na kahawa. Mimi nakuomba ukumbuke kwamba Ushahidi yenyewe ilizaliwa mwanzoni mwa 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya, watu waliofahamiana mtandaoni walipotengeneza kwa siku chache ramani ya kuonyesha yanayotokea nchini. Mkongo uliwaongezea kasi na chumba kikawapa meza, lakini kujuana walikuwa nako tayari. Hata iHub, pamoja na sifa zake zote, mwaka 2019 ilichukuliwa na CcHub ya Lagos. Sifa hailipi pango.

Kwa hiyo ukifika mji ambao mkongo umeingia juzi, uliza vijana wa kompyuta hukutana wapi. Pengine ni kwa fundi simu, pengine ni kibarazani pa chuo. Kodi chumba jirani na hapo.

Mashindano ya kuuza wazo kwa dakika tatu jukwaani yapunguze. Hundi kubwa ya karatasi ngumu haiingii benki. Kampuni changa inataka mteja. Kama ofisi yako inahitaji mfumo wa kutunza stoo, nunua kwa vijana hao hao unaowafadhili, na uwalipe ndani ya siku 30. Nimeona kampuni ikifa huku ankara yake ikiwa mezani kwa mtu anayeisifu.

Na kabla hujasaini chochote, nenda pale jioni bila kutoa taarifa. Usiombe kuonyeshwa ukumbi. Mwulize kijana wa kwanza utakayemkuta mlangoni mita iko wapi, uisogelee, uhesabu zimebaki uniti ngapi.