Stata Inazunguka, Gari Haliwaki

Gari lililozimika kabisa lina heshima yake. Unageuza ufunguo, kimya. Majirani wanakupa pole na kurudi ndani. Balaa ni hili linalozunguka bila kuwaka. Hilo lina sauti, na huku kwetu Mwananyamala, asubuhi ya masika, sauti ya stata ni mwaliko.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee wa nyumba ya mkabala, kikombe cha chai mkononi.

"Betri hiyo, mwanangu."

"Shikamoo, mzee. Lakini betri ingekuwa imekwisha, stata ingezungusha injini kwa nguvu hivi?"

"Marahaba. Isingezungusha." Akapiga funda la chai. "Ila ni betri."

Gari lake la mwisho, nasikia, lilimsumbua sana kwa betri. Na ndivyo walivyokuja wote, kila mmoja na ugonjwa wa chombo chake. Kijana wa bodaboda alishika plagi, kwa kuwa pikipiki yake inayo moja na ikigoma huwa ndiyo hiyo. Jirani mwenye daladala aliapa ni petroli chafu. Mama wa vitumbua aliuliza nimegombana na nani.

Vijana wa kijiweni hawakutaka maelezo, walitaka kusukuma. Nikawaambia gari ni otomatiki, hata wakilisukuma hadi Morocco magurudumu hayataizungusha injini. "Bosi, wewe kamata usukani tu." Wakalifikisha kona, likagoma, wakadai ya soda. Kisha wakadai nyingine ya kulirudisha.

Ndipo fundi alipokuja, mtu asiyependa maneno. Ikiwa stata inazungusha vizuri, yeye huuliza kwanza mambo mawili tu: petroli inafika? Moto unafika? Alifungua plagi moja akainusa. Imelowa, inanuka petroli. Akaipangusa, akairudisha kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, akaniashiria nipige stata. Palitakiwa kuonekana cheche. Hapakuonekana kitu.

"Koili imekufa," akatangaza kijana wa bodaboda, na kabla hajazuiwa akaushika waya wa koili akitaka kuukaza, huku mimi bado nimeushikilia ufunguo.

Koili ya gari huichukua ile volti 12 ya betri na kuifanya maelfu kwa maelfu. Kijana alirushwa hadi kwenye dimbwi, akakaa humo akiutazama mkono wake kana kwamba ameazimwa.

Fundi hakuinua hata kichwa. "Koili nzima," akasema.

Basi moto ulikuwepo, ila ulipotelea njiani, kati ya koili na plagi. Na hapo katikati anakaa distributa. Akafungua kifuniko chake: ndani kimetoka jasho la unyevu wa mvua, na ubavuni kina ufa mwembamba mweusi, njia ya mkato ambayo umeme ulijichongea ukaenda zake kwenye bodi badala ya kwenye plagi. Akakausha kwa kitambaa, akafunga. Gari likawaka, kwa mashaka, na kwa onyo kwamba mvua ijayo litazima tena nisipobadilisha kifuniko.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyenipeleka Kariakoo kwenye maduka ya spea. Tulipofika alidai nauli mbili: moja ya safari, nyingine ya kupima koili.