Vita vya Kupe Nyumbani Kwetu Maweni

Mbwa wetu Shujaa alipokataa kichwa cha changu, nyumba nzima ilishtuka. Mama mkwe alishika tama akasema amelishwa sumu na wanaomwonea gere kwa kulinda mbuzi. Shemeji akasema ni jua la machimboni. Hapa Manda Maweni, wanakochonga mawe ya matumbawe ya kujengea, kivuli ni cha kutafuta. Mke wangu, aliyekulia kwenye ng'ombe huko Witu, hakubishana na mtu. Alipiga magoti, akaufunua mdomo wa mbwa, akatuita tutazame. Fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa. Alipopitisha vidole nyuma ya masikio na katikati ya kucha, kupe walikuwa wamejipanga.

Shemeji akaja mbio na chupa ya mafuta ya taa.

"Kaka, weka chini," mke wangu alimwambia. "Kupe ukimmwagia hayo anatapika, na matapishi yake yanaingia mwilini mwa mbwa."

Akachukua kibano, akawashika mmoja mmoja karibu na ngozi, akawavuta taratibu bila kuwazungusha, akawatumbukiza kwenye spiriti.

Usiku muhina ukaanza. Damu ilidondoka puani hadi kwenye jamvi la mama mkwe, na habari ya sumu ikaishia hapo. Homa ya kupe ndivyo ilivyo: bakteria aitwaye erlikia humaliza chembe zinazogandisha damu, mbwa akatokwa na damu bila jeraha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jeshi la Marekani lilipoteza mamia ya mbwa wake Vietnam kwa ugonjwa huu, na wao walikuwa na madaktari kambini. Sisi tulikuwa na bahari mbele yetu.

Alfajiri tulimbeba hadi gatini. Nahodha ni mtu wa dini, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Alimtazama Shujaa akihema, akasema, "Mlazeni omoni, juu ya gunia. Tukifika mtanioshea chombo." Tulikiosha mara saba, moja kwa udongo, naye mwenyewe akitutekea maji. Namshukuru hadi leo.

Amu ni mji wa punda na paka. Punda wana hospitali yao tangu 1987. Hata hivyo daktari wa mifugo tulimpata. Joto la mbwa mzima halipiti sana nyuzi 39. La Shujaa lilizidi 40. Alitolewa damu ya kupima, akaandikiwa doksisaiklini ya kila siku, pamoja na chakula, kwa wiki nne.

Hazikupita siku nyingi akaanza kubweka. Shemeji akashauri vidonge vilivyobaki viwekwe akiba. Mke wangu akakataa katakata: vijidudu hujificha kwenye wengu na uboho, na ugonjwa ukirudi ukakuta uboho umekwisha nguvu, dawa haifui dafu. Wiki nne zilitimia, kidonge cha mwisho kikiwa ndani ya samaki.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa ukutani. Kupe wa kahawia huishi na watu majumbani. Jike akishiba hudondoka, hupanda ukuta na kutaga ufani mayai yanayoweza kufika 4,000. Mkubwa huweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Na nyumba yetu ni ya matumbawe yasiyopigwa lipu! Jioni moja mama mkwe aliinua taa akawaona wakipanda kuelekea makuti. Tukatoa vitanda, magodoro, hata sanduku lake la harusi. Gunia la mbwa tukalichoma, nyufa tukaziziba kwa chokaa na mchanga, dawa tukapulizia, kisha tukarudia baada ya wiki kadhaa kwa ajili ya walioanguliwa.

Katikati ya pilikapilika hizo shemeji alikuwa ameshamkamata paka ampake dawa ya kupe ya mbwa. Mke wangu alimdaka mkono. Dawa ile ilikuwa na pemetrini, nayo huua paka. Katika visiwa vyenye paka wengi namna hii, jambo hilo lapaswa kusemwa kwa sauti.

Wewe mwenye mbwa, uwe Manda, Hindi, Witu au Mpeketoni, mfunue mdomo leo jioni uzitazame fizi zake. Zikiwa zimepauka, usingoje muhina. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ukirudi, anza na kuta.