Somo la Wanaume Lianzishwe Hata Kesho

Naliunga mkono somo la wanaume mashuleni. Kijana wa kidato cha pili, masikini, atawajulia wapi? Kwenye fizikia amekutana na Newton, Ohm, Pascal na Hooke tu. Kwenye historia, Vasco da Gama aliyetia nanga Malindi mwaka 1498, Livingstone, Stanley, Carl Peters, Mirambo, Mkwawa. (Bibi Titi naye yumo, ana aya yake.) Akienda kununua andazi, noti ya elfu moja ina Mwalimu Nyerere, sarafu ya mia tano ina Mzee Karume. Ukiwa gani huu! Ila mtihani wa vitendo usiwepo, mtu asije akaambiwa achemshe chai. Na kipindi kiwe asubuhi na mapema, wasichana wakiwa bado wanadeki darasa la pili.