Njia Sita za Kuburuzwa Vitani Baada ya Kusema "Mimi Simo"

Kila kijiwe cha kahawa hapa Babati kina mtu anayedai hana timu. Simba na Yanga zinacheza, yeye anatabasamu tu. Dakika ya themanini utamkuta amesimama juu ya benchi anamtukana refa. Mwaka 1914 mtu huyo alikuwa koloni zima, Afrika Mashariki ya Kijerumani, nchi iliyokuwa na karatasi ya kimataifa ya kujikinga na ugomvi wa Ulaya. Gavana Heinrich Schnee aliiamini ile karatasi. Kamanda wake wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na mipango mingine kabisa. Tuhesabu kuanzia nyuma.

6. Habari zimfikie jirani kabla yako

Ziwa Nyasa, 13 Agosti 1914. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu pale Liuli, inafanyiwa matengenezo. Mara inatokea Gwendolen ya Waingereza. Nahodha wake, Rhoades, ni rafiki wa siku nyingi wa nahodha Mjerumani, na chupa wamemaliza nyingi pamoja. Gwendolen inafyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Mjerumani alirukia mtumbwi, akapiga kasia hadi kwa mwenzake huku amefura, akamuuliza: umelewa au vipi? Akajibiwa kwamba vita vimetangazwa, na kwamba tangu dakika ile yeye ni mateka. Bora angekuwa amelewa kweli.

5. Usisome mkataba hadi chini

Mkataba wa Berlin wa 1885 ulichora eneo kubwa la biashara huria, kutoka Kongo hadi Bahari ya Hindi. Huku kwetu Manyara tulikuwamo humo, ingawa hakuna aliyetuma mtu kuja kutuambia. Kifungu cha 11 kilisema vita vikizuka, eneo hilo linaweza kuachwa nje. Utamu uliishia hapo, kwa sababu ilibidi pande zote mbili zinazopigana zikubali. Yaani unalindwa dhidi ya adui, mradi adui mwenyewe aridhie! Agosti 1914 Ujerumani ilipenyeza ombi hilo kupitia Marekani. Uingereza ikakataa, na kesi ikaishia hapo.

4. Upatane na nahodha, umsahau bosi wake

Tarehe 8 Agosti manowari ya Waingereza, Astraea, ilipiga mizinga Dar es Salaam ikilenga mnara wa simu ya upepo. Schnee hakutaka mji wake ugeuzwe kifusi, kwa hiyo zikafanywa ahadi: mji usishambuliwe, nao usifanye uhasama. Tanga nayo ikapata mapatano ya namna hiyo. Lettow alichemka kama chungu, na wakubwa wa jeshi la majini kule London wakayakana. Kwa hiyo amani ile ilikuwa na marafiki wawili tu, gavana na karani aliyeipiga chapa.

Novemba 2, manowari Fox ikafika Tanga. Nahodha wake akaona si uungwana kupiga bila hodi, akateremka kuarifu kwamba mapatano yamekwisha. Wajerumani wakashukuru kwa namna yao, wakaanza kusomba askari kwa treni kutoka Moshi. Waingereza waliposhusha kikosi chao cha watu kama 8,000 kutoka India, walipambana na askari kama 1,000 waliokuwa wamejipanga, pamoja na makundi ya nyuki waliochokozwa na risasi. Nyuki hao ndio pekee walioheshimu Kifungu cha 11 pale Tanga, kwani waliuma pande zote bila upendeleo.

3. Uvamiwe na daktari

Agosti hiyohiyo, daktari Mjerumani aliongoza kikosi kuvuka Ruvuma na kushambulia kituo cha Wareno cha Maziua, akidhani Ureno imeshaingia vitani. Haikuwa imeingia. Watu wakafa, Wajerumani wakaomba radhi, na Ureno ikaendelea kusema haimo hadi Februari 1916 ilipozikamata meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini mwake. Machi 9 Ujerumani ikaitangazia vita. Mwaka uliofuata Lettow alivuka Ruvuma mwenyewe, akaiteka ngome ya Ngomano na kujizolea bunduki na risasi za Wareno.

2. Uanze wewe

Hapa ndipo mtetezi wa koloni anapokosa la kusema. Agosti 15 Wajerumani waliikalia Taveta, ardhi ya Kenya. Wiki moja baadaye meli yao Hedwig von Wissmann ikaipiga ile ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, Ziwa Tanganyika. Kongo ya Wabelgiji ndiyo iliyokuwa ikishikilia zaidi ile karatasi ya 1885. Nani aliirarua? Yuleyule aliyekuwa akiipungia London.

1. Uwe njiani

Ufiome, nchi ya Wagorowa kuuzunguka Mlima Kwaraa, haikuwa na gavana wala mnara wa simu wala mzinga. Kosa lake lilikuwa moja: njia ya kutoka Arusha kwenda Kondoa inapita hapo. Aprili 1916 Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, alikuja na wapanda farasi wake wa Afrika Kusini, akaichukua Lolkisale, akapita Ufiome akiwafukuza Wajerumani, na tarehe 19 akaingia Kondoa Irangi. Mbung'o na maradhi waliwaua farasi kwa mamia, hata jeshi lililotoka likiwa limepanda likafika nusu yake likichechemea.

Kisha masika ikafunga barabara nyuma yao. Magari ya chakula yakazama kwenye tope hili hili la kwetu linalong'oa viatu, na majeshi mawili yenye njaa yakabaki yanatazamana Kondoa. Usiku wa Mei 9 Lettow alishambulia, akashindwa, lakini hakuondoka. Waliokula mahindi na mifugo ya watu kwa wiki zote hizo walikuwa wa pande zote mbili, na hakuna aliyeandika risiti.

Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018. Van Deventer aliwahi kwa miaka 102.