Wapishi Wasiohitaji Alamu

Kuna wapishi waliojaliwa: pua inawatosha. Wakimwona mwenye ADHD ametega alamu za simu, kitunguu dakika 8, wali dakika 20, maharage kila nusu saa kuongezwa maji, wanaguna: "Siku hizi hata kupika mpaka simu iamue!"

Haya. ADHD ni hali ya ubongo, si uvivu wala malezi mabaya. Kwa wengi wenye hali hiyo, dakika 5 na dakika 50 huja na sura moja. Mtu anafunika sufuria, anatoka mara moja kuanua nguo, anakuta kifungo kimelegea, anaanza kusaka sindano. Akikumbuka, tui limekauka na nyumba nzima inanuka ukoko. Kwa hiyo simu hukaa mfukoni, na alamu haizimwi mpaka asimame mbele ya jiko, mwiko mkononi.

Lakini nyani haoni kundule. Ile sufuria ya umeme ya wali inayojizima yenyewe maji yakikauka, ambayo Toshiba waliiingiza sokoni Japani mwaka 1955, wajuzi wetu wanaitumia bila haya. Sufuria ya presha ikipiga mluzi, wanakimbilia jikoni. Na siku ya mafua, hiyo pua inapika nini?

Msaada ukiwa wao ni maendeleo. Ukiwa wa mwenzao ni uzembe. Nawe unayeguna, kama huwezi kumsaidia kukoroga, basi walau usimzimie alamu.