Heko kwa Programu Iliyogoma

Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisini kwetu Ukunda, programu ya barua pepe iligoma kufunguka. Nilibofya, kiduara kikazunguka kidogo, kikatoweka. Nikabofya tena na tena mpaka kidole kikachoka. Haikusema neno, hata la kunitukana. Naomba niisifu, maana tangu niajiriwe sijaona mfanyakazi mwenye msimamo kama huo.

Mimi nikipigiwa simu Jumapili huinuka. Pampu ya kisima, iliyoliwa na chumvi ya bahari, hukohoa lakini maji hutoa. Programu ile haikujali mkubwa wala mdogo: meneja alikuja mwenyewe, akabofya kwa cheo chake chote, akanyamaziwa kama mimi.

Na ukoo inao. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine mtandaoni, na kompyuta hizo mbili zilikuwa katika chumba kimoja, zimekaa bega kwa bega. Baadaye alisema hakumbuki alichoandika. Basi tangu asili barua pepe ni kumwandikia mtu ambaye ungemwita tu akageuka.

Nilikumbuka hilo nikiwa kwenye matatu. Fundi wa kompyuta alikuwa ameahidi kufika alasiri, nami nina mtu Msambweni wa kutuuzia makuti, anayependa kila jambo liandikwe. Kwa miezi mitatu tumeandikiana barua 14, kila moja ikirejelea iliyotangulia. Kwa kuwa siku hiyo sikuweza kuandika ya 15, nilipanda gari la barabara ya Lunga Lunga, nikaipita Gazi, nikamkuta chini ya mwembe. Bei tuliimaliza kabla dafu halijaisha. Nani mwingine ofisini angenifanyia hisani hiyo?

Fundi alifika, akavua viatu mlangoni kama anaingia madrasa.

"Mzee wangu, umezima ukawasha?"

Nilikuwa nimezima mara nne asubuhi, kisha nikaketi kubofya. Akafungua orodha ya programu zinazoendelea kimyakimya, na hapo nikaona maajabu: programu yangu ilikuwa humo mara 11. Kila nilipobofya alizaliwa mwingine, wote wamejibanza nyuma kama abiria wa feri ya Likoni. Stima ilikatika usiku wa Jumapili, akanieleza, programu ikafa kabla haijafuta kijifaili cha kufuli kinachokaa kwenye folda ya barua. Asubuhi ilipoliona kufuli ikadhani mwenziwe yuko ndani, ikasubiri nje. Adabu iliyoje! Mpwani hapigi mlango teke. Hubisha hodi mara tatu, asipoitikiwa akaenda zake. Mwenye kupiga teke alikuwa mimi, mara 11.

Kijana aliwafunga wote mmoja mmoja, akafuta lile kufuli baada ya kunakili folda nzima kwenye diski nyingine (hatua ambayo mimi ningeiruka, na barua za miaka yote zingekuwa mikononi mwa Mungu). Akabofya mara moja tu. Ikafunguka.

Barua 63 zilikuwa zinaningoja. Ya juu kabisa ilitoka Msambweni, imeandikwa saa moja baada ya mimi kuondoka pale mwembeni: mwenye makuti anauliza kama niliipata barua yake ya awali.