Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Congo: Pongezi kwa Kuitangulia Bitcoin

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Bwana Gavana wa Benki Kuu ya Congo, Kinshasa

Kuhusu: Pongezi zilizochelewa, na maombi matatu

Bwana Gavana,

Wakazi wa Lubumbashi wanakusalimu kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, na wanaomba radhi kwa kuchelewa kukupa pongezi zako.

Habari zimewafikia kwamba duniani kuna ugomvi mkubwa. Wanasiasa wa mrengo wa kushoto wamegawanyika juu ya sarafu za kripto. Kundi moja linasema fedha isiyo na benki kuu ni ukombozi wa maskini, kwa hiyo mtetezi wa wanyonge aikumbatie. Kundi la pili linasema ni kamari ya matajiri na maficho ya wezi, kwa hiyo aikimbie. Wanarushiana maneno utadhani jambo lenyewe limezuka jana. Hakuna hata mmoja anayeitaja Congo, nchi iliyoishi bila fedha ya kuaminika zamani sana, bila kompyuta na bila umeme.

Ushahidi upo. Satoshi Nakamoto alichapisha waraka wake wa bitcoin Oktoba 2008, lakini taasisi yako ilikuwa imemaliza majaribio miaka 15 kabla yake. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya milioni tano za zaire, fedha ya nchi wakati huo. Wafanyabiashara waliikataa, Kinshasa ikaporwa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Watu wa Kasai waliitazama, wakaikataa, wakaendelea kununua na kuuza kwa noti zilezile ambazo serikali ilikuwa imezifuta. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukapita asilimia 9,000. Wapenzi wa kripto leo hulipa kiingilio kwenye mikutano ya kimataifa ili waambiwe kwamba thamani ya fedha hutoka kwa wanaoitumia na si kwa mtawala. Kasai walilijua hilo bure.

Katanga nayo ina haki yake katika historia hii. Kabla Benki yako haijazaliwa, mababu walitumia msalaba wa shaba, fedha ambayo mtu hakuipata bila kuchimba jiwe, kuliyeyusha na kulimimina kwenye kalibu. Wafuasi wa bitcoin hujisifu kwamba sarafu yao haichapishwi kwa amri ya mkubwa bali hutolewa kwa kazi ya mashine. Hapa kazi hiyo ilifanywa na mikono. Moïse Tshombe alipoitenga Katanga mwaka 1960 alichora misalaba mitatu kwenye bendera yake, na mwaka uliofuata akatoa sarafu zenye msalaba upande mmoja na ndizi upande wa pili. Nchi yake ilikwisha Januari 1963. Ndizi zile sasa ziko mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Hata kwa utapeli Congo haikungoja kufundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kufika, kampuni ya Bindo ilikusanya akiba za watu kwa ahadi ya faida ambayo hakuna shamba wala mgodi unaoweza kuizaa. Ilipoanguka mwaka 1991, waliotangulia walikuwa wamelipwa kwa pesa za waliofuata, na waliofuata walibaki na karatasi. Kijana anayepita leo katika mitaa ya Katuba akiuza "uwekezaji wa kripto" kwenye simu angepaswa kulipia hakimiliki.

Na kazi bado inaendelea, Bwana Gavana. Franka ya Congo ilizaliwa mwaka 1998 ikiwa karibu 1.4 kwa dola moja. Noti yako kubwa kuliko zote, ya franka 20,000, ilitolewa mwaka 2012 ikiwa na thamani ya zaidi ya dola 20. Bado ndiyo kubwa kuliko zote, na sasa haifikishi dola 10. Kwa hiyo kodi ya nyumba Lubumbashi inatajwa kwa dola, karo inatajwa kwa dola, na franka inabaki na heshima yake ya kununua nyanya na kupanda teksi. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, noti ya dola hupokelewa kwa sherehe: inainuliwa kwenye mwanga, inapapaswa, inakunjuliwa pembe zote nne. Ikiwa na tundu dogo, imekufa. Marekani yenyewe ingeipokea. Mama wa unga, yule anayeuza unga sokoni, hapokei, na hakuna agizo la Kinshasa litakalombadilisha. Wataalamu wa kripto huuita utaratibu huu uhakiki wa pamoja usio na mamlaka ya katikati. Mama wa unga hajauwekea jina.

Ndiyo sababu watu wa hapa wanasoma ugomvi huo wa kripto kama watu wanaosikiliza majirani wakigombania nyumba ambayo wao walikwisha kuihama.

Na ugomvi huo una vituko vyake. Mwaka 2021 Donald Trump alisema bitcoin inaonekana kuwa utapeli. Julai 2024 alisimama Nashville mbele ya wapenzi wa bitcoin kutafuta kura. Januari 2025, siku tatu kabla ya kuapishwa, alitoa sarafu yenye jina lake, na Machi akasaini amri ya kuweka akiba ya taifa ya bitcoin. Upande wa pili, Seneta Elizabeth Warren amekuwa mpinzani mkali wa biashara hiyo kwa miaka mingi. Lakini sheria ya sarafu za kidijitali zinazofungamanishwa na dola ilipopigiwa kura katika Seneti Juni 2025, maseneta 18 wa chama chake mwenyewe waliiunga mkono. Huko El Salvador, Rais Nayib Bukele alianza siasa katika chama cha waliokuwa waasi wa mrengo wa kushoto, akaifanya bitcoin fedha halali Septemba 2021, kisha Januari 2025 sheria hiyo ikapunguzwa makali ili mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa upite. Anayetafuta kushoto na kulia katika kripto atapata kizunguzungu.

Karibu zaidi na nyumbani yuko Rais Faustin-Archange Touadéra wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Aprili 2022 nchi yake, ambako wananchi wengi hawana umeme wala intaneti, ilitangaza bitcoin kuwa fedha halali. Ikafuata sarafu ya Sango, ambayo mgeni angenunua ya dola 60,000 na kupewa uraia. Agosti Mahakama ya Katiba ikasema uraia hauuzwi. Mwaka 2023 uhalali wa bitcoin ukaondolewa. Februari 2025 rais akarudi na sarafu nyingine, safari hii ya mzaha. Na Congo yenyewe isicheke sana: Julai 2022 ilitangazwa, pamoja na Kamerun na Congo-Brazzaville, kuwa njiani kuingia kwenye mtandao wa kripto wa TON. Wananchi wa Lubumbashi bado wanangoja kuambiwa njia hiyo iliishia wapi.

Haki itendeke kwa wanaoitetea kripto pia. Huko Kivu Kaskazini, Hifadhi ya Virunga ilikuwa na mtambo wa umeme wa maji pale Luviro, na watalii walikuwa wamekatika kwa sababu ya utekaji, Ebola na kisha Covid. Aprili 2020 askari wake 12 wa wanyamapori waliuawa katika shambulio moja. Mwaka huohuo hifadhi ilianza kutumia umeme ambao haujapata mteja kuendesha mashine za bitcoin, ikapata pesa za mishahara. Huo ulikuwa mradi wa kweli, wenye mto wa kweli. Na Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na noti zikaadimika. Mtu aliyekuwa na thamani kwenye simu, ya aina yoyote ile, alikuwa na la kujivunia kuliko mwenye kitabu cha benki. Anayesema kripto ni ujinga mtupu aende akawaambie hao.

Lakini mpenda maendeleo anayeikumbatia kwa sababu hizo afuate pesa hadi inakolala. Sarafu inayowafaa zaidi watu wa miji kama Lubumbashi si bitcoin inayopanda na kushuka, ni ile inayofungamanishwa na dola: dola isiyochanika, isiyotobolewa, isiyokataliwa na mama wa unga. Kampuni ya Tether, iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hiyo, huchukua dola za watu, huzikopesha kwa sehemu kubwa kwa serikali ya Marekani, na riba hubaki kwake. Mwaka 2024 ilitangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 13. Mwenye sarafu hapati hata senti ya riba. Mchuuzi wa Ruashi anayeikimbia Benki yako kwa njia hiyo atakuwa ameikopesha Washington bila riba, na mtu wa kati atakuwa ameneemeka. Kwa dola ya karatasi iliyofichwa chini ya godoro anafanya vilevile tangu zamani. Tofauti ni kwamba sasa kuna kampuni inayomshukuru.

Kwa hiyo swali la kukumbatia au kukimbia ni la watu wenye fedha nzuri wanaotafuta ya pili. Lubumbashi inatafuta ya kwanza. Wakati huohuo majirani wanahangaika kwa namna zao. Tanzania ilitoa tangazo mwaka 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki, kisha mwaka 2024 ikaziwekea kodi ya asilimia 3, maana yake mali haionekani ila kodi yake inaonekana vizuri. Kenya iliona foleni ndefu za watu waliopigwa picha za mboni za macho na mradi wa kripto wa Worldcoin mwaka 2023 kabla ya kuisimamisha, na Oktoba 2025 ikapata sheria inayosema nani anatoa leseni na nani anasimamia.

Maombi ya wakazi wa Lubumbashi, Bwana Gavana, ni haya. Kwanza, itolewe orodha ya kampuni zote zenye ruhusa ya kupokea pesa za watu kwa jina la kripto, isomwe redioni kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, na kama hakuna hata moja yenye ruhusa, hilo nalo lisomwe. Pili, kila atakayepewa ruhusa aweke dhamana Benki Kuu na awe na ofisi ambako anaweza kushtakiwa hapahapa Lubumbashi, bila mdai kupanda ndege kwenda Kinshasa. Tatu, mwambie mwenzako wa wizara ya nishati kwamba mkataba wowote wa kuuzia umeme mashine za bitcoin katika jimbo hili utangazwe hadharani, pamoja na bei, na usitiwe saini kwa ajili ya mtaa ambao Snel, shirika la umeme, inauzima kila jioni.

Ombi la franka halikuwekwa kwenye orodha kwa sababu ni kazi yako ya kila siku. Ombi la kwanza halihitaji sheria mpya wala mkopo wa mtu. Linahitaji karatasi moja na sahihi yako. Itoe mwezi huu.

Wateja wako wa Lubumbashi